Neno Alilosahihisha Ndinda

Kazi ya Ndinda haina sare. Ukikutana naye kwenye barabara ya vumbi kule Kola, faili kifuani na viatu vimebadilika rangi, utadhani anauza bima. Wako wanaomwita mtu wa kanisa, wako wanaomwita mtu wa serikali, na mzee mmoja alipoambiwa kwamba mgeni anatoka ofisi ya mjini alikunja suruali akamwonyesha goti linalomuuma. Ndinda aliliangalia goti lile kwa heshima zote, akamwandikia jina la zahanati kwenye kikaratasi na siku anayokuja daktari. Hiyo nayo ni kazi yake. Yeye ni afisa wa ustawi wa jamii katika shirika dogo liitwalo Mlango Wazi, lenye vyumba viwili juu ya duka la mbegu mjini Machakos. Akibanwa aeleze anachofanya, husema kwamba humwendea mtu aliyelemewa, wakakaa chini pamoja, wakatafuta nani ashike upande gani wa mzigo: ndugu, jirani, kanisa, shule, chifu au serikali.

Watu wakisikia hivyo husema, "Kumbe ni kuongea tu." Eti kuongea tu! Wajaribu siku moja.

Alizaliwa Katelembo, kando ya mji wa Machakos, binti wa Urbanus aliyefanya kazi ya kiwandani Athi River miaka ishirini na miwili. Majirani walikuwa wa kila kabila, kwa hiyo Ndinda alicheza kwa Kiswahili, akasoma kwa Kiingereza, na Kikamba akabakiza kile cha kuamkia wakubwa na cha kugombezwa. Alipokuwa kidato cha pili, mama yake alipooza upande mmoja. Walikuja watu wengi kuwatembelea, wakaleta unga na maombi, na kila mmoja akamwambia Urbanus la kufanya. Kisha akaja mama mmoja mnene kutoka hospitalini, akavuta kigoda hadi kitandani, akamuuliza mgonjwa mwenyewe, "Wewe unataka tuanze na nini?" Mama alitaka waanze na choo, kwa sababu alikuwa anaona haya kubebwa na mumewe kila saa. Wiki hiyo hiyo fundi akaja kuweka vyuma vya kushikilia. Ndinda aliamua palepale kwamba atafanya kazi ya yule mama, na alipotangaza nyumbani, baba yake aliguna kwamba bora angesoma uhasibu. Hakusoma uhasibu.

Sasa anakaribia miaka thelathini, na ofisini anajulikana kwa jambo moja: akishika kitu haachi. Wenzake humtania kwamba yeye ni kupe. Lakini habari hii haianzi na ung'ang'anizi wake. Inaanza na kosa lake, na kosa lenyewe lilikuwa la neno moja.

Shule zilipofunguliwa Januari, mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Kola alipiga simu. Alikuwa na wasichana wawili, Kavindu wa miaka tisa na mdogo wake Mutheu wa miaka mitano. Mama yao, Nzilani, alikuwa amefariki Novemba kwa ugonjwa wa figo. Baba hajulikani. Waliishi na bibi mmoja ambaye hakumzaa mama yao, wala hakuwa na mwana aliyemwoa mama yao, maana hakuwahi kupata mtoto.

"Sasa kwenye fomu ya mlezi nimwandike nani?" mwalimu akauliza.

Bibi huyo alikuwa Kalunde, mjane wa marehemu Wathome, mwenye miaka sitini na saba, mgongo wima, na shamba la mahindi na mbaazi. Ndinda alipofika alipewa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, pamoja na chai kabla hajaulizwa shida yake. Na kwa kuwa mgeni alibeba faili, Kalunde aliona heshima ni kumzungumzia Kiswahili, ingawa Kiswahili chake alikiokota ukubwani sokoni na kilikuwa kikichechemea. Alisema watoto yangu. Alisema nyumba kikubwa. Ndinda akawa anaandika huku akinyoosha, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

"Na Nzilani alikuja kuishi hapa vipi, Susu?" aliuliza, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Nilimuoa," akasema Kalunde. "Nilimuoa kule Ndithini, nikaleta yeye hapa."

Haya, ungekuwa wewe ungeandika nini? Ndinda alijua, kama tujuavyo sote tuliopitia mwalimu wa Kiswahili mwenye fimbo, kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Akalihesabu hilo kuwa jiwe jingine kwenye mchele. Bibi anataka kusema Nzilani aliolewa Ndithini, akawaza, na kalamu ikateleza yenyewe: marehemu aliwahi kuolewa Ndithini, ndoa ikavunjika, akapewa hifadhi na Kalunde, ambaye si jamaa yake. Kalunde akabonyeza kidole gumba mahali alipoonyeshwa.

Ripoti ilichapwa kwa Kiingereza safi. Laban, mkuu wa Ndinda, mtu mwema mwenye imani kubwa na karatasi, aliisifu, ikapelekwa mahakamani. Na kutokana na neno lile moja, mengine yote yakafuata kwa mpangilio. Mlezi si jamaa, tena ni mzee. Upande wa baba haujulikani. Basi watoto wapelekwe makao ya watoto mjini hadi jamaa wapatikane. Hakimu aliweka Alhamisi ya tatu ya Februari kuwa siku ya kutoa amri.

Zikiwa zimebaki siku tisa, Ndinda alirudi Kola kuwaandaa watoto. Huwa hakubali mtoto aambiwe habari kama hiyo na mtu asiyemjua. Kavindu alipoliona lile faili alimshika mdogo wake mkono, wakapotelea nyuma ya jiko. Kalunde alikuwa uani akipepeta mbaazi.

"Susu, nimekuja tuongee juu ya watoto. Mahakama inataka wakae makao kwa muda, kwa sababu hawana jamaa wa kuwalea."

Kalunde aliweka ungo chini. "Jamaa ni mimi."

"Najua unawapenda, Susu. Lakini kisheria..."

"Sisemi mambo ya kupenda. Nilikuambia nilimuoa mama yao. Hukuandika?"

"Niliandika kwamba aliolewa Ndithini."

"Na nani?"

Ndinda alifungua faili, akalifunga. "Lakini Susu, mwanamke haoi," akasema taratibu. "Mwanamke huolewa."

Kalunde alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Wewe ni Mkamba wa wapi, mwanangu?"

"Wa Katelembo."

"Ndiyo maana," akasema, bila ubaya wowote.

Akakiacha Kiswahili, akaingia Kikamba, polepole kama mtu anayemlisha mtoto uji. Wathome alipokufa bila mtoto, nyumba yake ilikuwa inaelekea kuzimika. Lakini Wakamba walikuwa na njia yao tangu zamani. Mwanamke aliyekosa mtoto hupeleka ntheo, wale mbuzi wa kufunga ndoa, kwa wazazi wa msichana, akamwoa kwa ajili ya nyumba yake. Msichana huyo huitwa iweto. Watoto anaowazaa ni wa nyumba ile, na mwanamume aliyewazaa haulizwi jina. Kalunde alipeleka mbuzi watatu Ndithini, Nzilani akaulizwa mbele ya watu wote kama anakubali, akajibu kwa kinywa chake kwamba anakubali. Wakaishi miaka kumi na moja, wakilima pamoja, wakizozana juu ya chumvi kwenye mboga, na Kalunde ndiye aliyemshika Nzilani kiuno alipowazaa hao wasichana wote wawili.

Ndinda alihisi masikio yakiwaka moto. Neno iweto alilijua, alilisikia kwenye utani wa harusini huko kwao, ila hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaoishi ndani yake. Miaka yote darasani alifundishwa kumsikiliza mtu, na alipoambiwa ukweli kwa neno moja, yeye akaona ni makosa ya sarufi. Aliona haya hata ya kunyanyua macho.

"Nisamehe, Susu. Nilikusikia vibaya."

"Ulinisikia vizuri," akasema Kalunde. "Uliandika vibaya. Sasa utafanya nini?"

"Nitaandika ripoti upya, na nitaisimamia mbele ya hakimu kabla watoto hawajaguswa."

Kalunde hakumshukuru. Alichukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Ofisini, Laban alivua miwani akaifuta, kama afanyavyo akitaka kusema jambo gumu. "Hilo si tatizo," akasema. "Andika kwamba zimepatikana habari mpya."

"Si mpya, mzee. Aliniambia siku ya kwanza."

"Ndinda. Mkataba wako unakwisha Juni, na wafadhili husoma rekodi za mahakama."

"Najua. Lakini nikisema ni mpya, hakimu ataona bibi amebuni hadithi baada ya kusikia watoto wanachukuliwa. Nitamwokoa nani, yeye au mimi?"

Laban alivaa miwani. Hakuwa mtu wa kushindana na kweli ikiwa mbele yake. "Basi tafuta shahidi wa upande wa msichana. Ntheo isiyo na aliyeila ni hadithi tupu. Na usisahau, desturi peke yake haimlei mtoto. Hakimu atauliza kama huyo mama anaweza."

Ndinda akaanza kukimbia. Siku mbili alishinda Kola akiuliza yale aliyopaswa kuuliza mwanzoni. Jirani, Reuben, alisema watoto hawajalala njaa hata wakati wa ukame. Wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kulima, walisema tayari wamejipanga kupalilia shamba la Kalunde kwa zamu. Muuguzi wa zahanati alithibitisha kwamba bibi ana presha na dawa humeza bila kukosa. Mwishoni Ndinda aliketi na Kavindu peke yao, akamuuliza anataka kukaa wapi.

"Kwa Susu," mtoto akajibu. "Mimi ndiye namwekea sindano uzi. Yeye haoni tundu."

Ijumaa akaenda Ndithini. Ni mbali, na jua la kule halina mzaha. Alipokelewa na Kimanzi, kaka mkubwa wa Nzilani, mzee wa kanisa mwenye shati lililopigwa pasi. Mama yao, Kavutha, alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akikatakata sukumawiki, akamwitikia mgeni salamu kisha akainama.

Kimanzi alimsikiliza Ndinda hadi mwisho. Kisha akasema, "Dada yetu alikwenda kufanya kazi huko Kola. Hayo mengine hatuyajui."

"Kuna mbuzi watatu waliletwa hapa."

"Hatuyajui, nimesema. Mimi nasimama madhabahuni, dada. Unataka niende mahakamani niseme dada yangu aliolewa na mwanamke? Kanisani kwetu hayo ni mambo ya giza. Hata mazishi hatukwenda."

"Wapwa wako watapelekwa kulelewa na watu wasiowajua."

"Mungu atawatunza," akasema Kimanzi, na akatazama pembeni, kwa sababu hakuwa mtu mbaya na alijua alichokuwa anakisema.

Ndinda alijikaza. Hakubishana na imani ya mtu nyumbani kwake. Alitoa kikaratasi, akaandika tarehe, mahakama na nambari yake ya simu, akakiweka mezani chini ya kikombe. Kisha, kwa Kikamba chake chenye mashimo, akasema kwa sauti ya kutosha kufika jikoni kwamba Mutheu ameanza kung'oka meno na kwamba Kavindu ana mwendo wa mama yake, au ndivyo wanavyosema waliomjua. Kimanzi alimsindikiza hadi njiani. "Mama hasikii vizuri," akasema. Ndinda alishukuru akaondoka, na njia nzima hakujua kama amefanya kazi au amepoteza nauli.

Alhamisi ikafika. Kalunde alikuwa kwenye ukumbi wa mahakama tangu saa moja, amekaa ncha ya benchi, na wasichana wamemlalia huku na huku. Saa tatu kasoro Ndinda alikuwa ameshakata tamaa ya shahidi, akijiambia kwamba kama ni kusema peke yake atasema peke yake. Ndipo alipomwona Kavutha langoni, leso kichwani, viatu mkononi, amepanda gari la alfajiri bila kumwambia mtu nyumbani.

Jamani, furaha ile! Ndinda alimkimbilia, akamshika mkono, akamleta moja kwa moja kwenye benchi ili bibi hawa wawili wakae pamoja na hakimu aone umoja wao. Kavutha alipobakiza hatua chache kufika kwenye benchi akasimama ghafla. Akageuza uso ukutani, akavuta leso hadi machoni. Kalunde naye, kumwona tu, aliinuka haraka, akawaacha watoto, akaenda kujibanza nyuma ya nguzo.

Laban akamnong'oneza Ndinda, "Wanachukiana hawa. Tumekwisha."

Kichwani mwa Ndinda jibu lilikuwa tayari limeshajiandika: ni ule ugomvi wa mazishi. Alifungua mdomo amsihi Kavutha asahau yaliyopita, kisha akaumeza usemi wake. Akainama.

"Mama, mbona hukai pale? Kuna nini kati yenu?"

Kavutha alishangaa kuulizwa. "Kuna nini? Si yule ndiye mkwe wangu? Nani anakaa benchi moja na mkwe?"

Kwa Wakamba wa zamani, mama mkwe na aliyemwoa binti yake hushikiana nthoni, haya ile ya heshima. Hawali pamoja, hawakaribiani, hawatazamani usoni. Ajuza hawa wawili, umri wao karibu sawa, walikuwa wameshika adabu hiyo tangu siku ya mbuzi. Ndinda alimtafutia Kavutha kiti upande wa pili wa ukumbi, na akamwambia Laban atulie.

Hakimu alikuwa mwanamke, mgeni Ukambani. Ndinda alikula kiapo, akasema ripoti ya kwanza si ya kweli.

"Kwa sababu mama huyu alikudanganya?"

"Hapana, Mheshimiwa. Alinieleza sawasawa, nikadhani Kiswahili kimemshinda, nikamsahihisha. Kosa ni langu peke yangu." Alihisi Laban akijisogeza kitini nyuma yake. Hakugeuka. Akaeleza habari za shamba, zahanati, mwethya, na alichosema Kavindu.

Kalunde aliitwa, akasema yake kwa maneno machache. Kisha akaitwa Kavutha, na karani akawa anatafsiri.

"Unamfahamu mama aliyesimama pale?" hakimu akauliza.

"Namfahamu," akasema Kavutha, macho yakiwa dirishani.

"Mwangalie kwanza, ndipo ujibu."

Kavutha hakugeuza shingo.

"Mama, nimesema umwangalie."

"Mheshimiwa, ukitaka nifunge," akasema Kavutha. "Mkwe wangu mimi simwangalii."

Karani, Mkamba wa Masii, alishindwa kutafsiri kwa muda, akajifanya anakohoa. Hakimu aliuliza mkwe kwa vipi. Kavutha akaeleza kwamba mbuzi walikuwa watatu, mmoja mwenye pembe moja, na kwamba nyama yake aliila kwa mkono huu wa kulia, na aliyekula ntheo hawezi kuitapika kwa sababu kanisa limebadilika. Watoto ni wa yule pale. Siku atakapochoka, Ndithini kwa kina mama yao nako kuna nyumba, Kimanzi apende asipende.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kavindu alikuwa amemshika mdogo wake kwa mikono miwili, kama siku ile nyuma ya jiko. Hatimaye hakimu akasema watoto watabaki Kola chini ya ulezi wa Kalunde, jamaa yao, Mlango Wazi wawatembelee kila mwezi kwa mwaka mmoja, na ripoti ile iandikwe upya na aliyeiharibu. Kalunde alitafsiriwa maneno hayo, akakaa chini kabla hajaruhusiwa, na hakuna aliyemwambia asimame.

Nje, Ndinda alimkuta Kavutha chini ya kivuli cha ukuta na Kalunde hatua kumi mbele, kila mmoja akitazama upande wake. Watoto walikuwa wakienda kwa huyu na kurudi kwa yule. Kavutha alimwita Ndinda.

"Mwambie mkwe wangu kwamba sikuja kumzika mtoto wangu. Kimanzi alikataa, na mimi nikakubali. Mwambie hivyo hivyo, usilainishe."

Ndinda akaenda, akayasema kama yalivyo. Kalunde alimfunga Mutheu kifungo cha sweta ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Mwambie nimesikia," akasema mwishowe. "Mwambie nilimzika kando ya Wathome, nyumbani kwake. Aje Jumamosi. Mimi nitakuwa shambani tangu asubuhi mpaka jioni, akae na mtoto wake bila kuona haya ya mtu."

Ndinda alizirudia hatua kumi zile, akampa Kavutha maneno yote. Kavutha aliketi chini kwenye nyasi, akaweka viatu pembeni, akamlilia binti yake kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Novemba.